Mzee Aliyezimwa Kila Siku

Baba Amisi, bwana yangu,

Shule ilinifundisha herufi kidogo, haikunifundisha kubembeleza. Kwa hiyo naanza na kukugombeza: mutu akiitwa na kapiteni, anauliza kwanza kuko nini. Wewe ulifika barazani mikono imejaa mafuta meusi, kifua mbele, kama unaenda kupewa medali.

Unaikumbuka ile nyumba ya shamba la kahawa, njia ya Bafwasende, mvua ilipobeba daraja. Wageni wa Patron, mwenye shamba, walifungwa pale pamoja nasi: mdogo wake, na kapiteni mmoja wa jeshi aliyetoka kule mto unakoteremka, Kiswahili chake cha kuokota. Mimi nilipika pondu, majani ya muhogo, na samaki mpaka nikaichukia harufu yake. Wewe ulikuwa na groupe yako, ile moteri ya taa. Madame, muke wa Patron, ndiye aliyeibatiza Mzee.

"Iko sawa na bwana yangu," alisema mezani. "Inakohoa, inakunywa, mwangaza kidogo!"

Tulicheka wote, kasoro kapiteni, hakushika neno. Patron pia alicheka, maskini. Nilikuambia jikoni: chuma hakipewi jina la mutu. Ukanijibu, "Wivu hiyo, Mama Amisi. Mzee ananitii kukupita."

Ile siku, baada ya chakula cha mchana, Madame aliita kutoka dirishani: "Muzime Mzee, nataka kulala!" Ukazima. Ikabaki mvua juu ya mabati. Watu walipoamka, Patron alikutwa kitandani amekufa, mto wa kulalia juu ya uso. Njia ilikuwa imekatika, hakuna aliyeingia wala kutoka. Muuaji alikuwa kati yetu. Na wewe ulikuwa bado kibandani kwa moteri, hujasikia kilio.

"Nani alikuwa na Mzee mara ya mwisho?" kapiteni akauliza ulipofika barazani.

"Mimi, citoyen kapiteni. Nilimuzima mimi mwenyewe, kama kila siku."

Nilitupa mwiko. "Mzee ni moteri! Mutu anazimwa kila siku?"

"Donc, basi alikuwa anajaribu kila siku," kapiteni alisema, na mdogo wa Patron akaitika kwa kichwa.

Ukamgeukia Madame. "Si wewe uliniita? Si wewe ulimpa jina?"

Alipangusa macho makavu. "Mzee mimi najua mumoja tu. Bwana yangu."

Wafanyakazi waliangalia miguu yao. Hapo nilijua. Mutu asiye na kitu cha kuficha hakani mzaha wake mwenyewe. Daraja lilipotengenezwa wakakupakia kwenye lori, na tangu hapo sijaona hata shati lako. Matanga hayajapoa, Madame akaolewa na shemeji yake.

Mimi niko Lubunga, ng'ambo ya mto. Amisi alifuata biashara ya samaki Basoko. Wajukuu wananikumbuka wakiwa na njaa. Napika bado katika ile sufuria kubwa. Kupika kwa mutu mumoja sikujifunza, na sitaki kujifunza. Kwenye bomba waliniita bibi ya muuaji. Walinipisha nichote kwanza, si kwa heshima.

Sasa sikia. Juzi nilivuka kununua chumvi mjini. Dukani nani anachagua vikwembe, vile vitenge vya bei? Madame, amenenepa, hakunitambua. Groupe ya duka ikakohoa, taa zikafa. Naye, bila kufikiri, akacheka: "Eh! Mzee amezimika!"

Nikamsogelea mpaka akasikia harufu ya moshi wangu. "Mzee gani, citoyenne? Si wewe unajua mumoja tu?"

Hapo akanitambua. Akaacha vikwembe juu ya meza akatoka kwenye mvua, yeye na viatu vyake vya ngozi. Wamama wakaniuliza kuko nini. Niliwaeleza yote, kwa sauti, unanijua. Mwenye duka akashika kichwa: "Kumbe yule baba aliyefungwa alikuwa anasema moteri!"

Habari ilivuka mto mbele yangu. Asubuhi hii kwenye bomba wameniita bibi ya fundi, na nimengoja zamu yangu kama watu wengine.

Jina lako limerudi, Baba Amisi. Lakini jina halikai kwenye kiti, halisemi chumvi imezidi. Kama uko hai mahali, njoo hivyo hivyo, na mafuta mikononi, shika hata kitambaa changu cheupe. Nitagomba. Kidogo tu.

Bibi yako,
Mama Amisi