Tumefunga ruta ili Nkwimba amalize sentensi yake

Jumamosi, mwezi wa sita.

Upepo una vumbi tangu asubuhi, na ndani ya vumbi kuna nyuzinyuzi za pamba zinazodondoka kutoka kwenye malori yanayopita kwenda kiwandani. Nimefagia baraza mara mbili, ya tatu nimeiacha. Naandika hapa hapa penye cherehani, kabla sijawasha jiko la jioni. Mwili umechoka. Moyo haujachoka, ila umekaa kama mtu aliyepokea habari mbili kwa mara moja.

Humu nimeshaandika habari za magauni, za wateja wasioridhika na kiuno, za mume wangu ambaye kila msimu wa pamba anahamia Kasoli kwenye mizani ya mnunuzi. Za Minza sijawahi kuandika. Niliona ni mambo ya ndani.

Leo nayatoa.

Minza ni mwanangu wa pekee. Ana miaka kumi na sita na ni kiziwi. Alizaliwa anasikia vizuri. Alipofika miaka mitatu homa ya uti wa mgongo ilimlaza wiki tatu, akapona yeye, masikio hayakupona. Anasoma bweni kwenye shule ya viziwi, mkoa wa jirani. Huko ndiko alikojifunza lugha ya alama, na huko ndiko aliko rafiki yake Nkwimba, binti wa mfugaji wa Mwandoya. Likizo ikifika kila mmoja anarudi kwao, na hapo ndipo simu yangu inapoporwa.

Kwa sababu wao hawawezi kuongea bila kuonana.

Nilichelewa kulielewa hili. Sisi tunaosikia, picha ikiganda tunaendelea kuongea, sauti inafika. Wao picha ikiganda ni sawa na mtu aliyezibwa mdomo. Na nyumba yetu iko bondeni, nyuma ya miamba. Simu ikiwa ndani inashika mtandao kwa kubahatisha. Utasema waandikiane ujumbe. Minza anaandika vizuri, lakini Nkwimba alipelekwa shule akiwa mkubwa tayari. Mikono yake ina kasi kuliko ya wenzake wote, kalamu bado inamshinda.

Ijumaa ya wiki iliyopita walikuwa wanaongea, nami napiga pasi. Nikamwona Minza amesimama ghafla. Kwenye kioo Nkwimba alikuwa ameinua mikono yote miwili, uso umekunjamana, na hapo hapo picha ikaganda. Minza akatoka nayo nje, akapanda kwenye jukwaa la tanki la maji, akateremka, akaenda hadi barabarani. Bando likaisha akiwa huko huko.

Baadaye ukaingia ujumbe wa Nkwimba, maneno matatu: "Shule mimi hapana."

Siku hiyo Minza hakula. Nikamwandikia kwamba nampigia baba yake Nkwimba sasa hivi, namba si ninayo? Akaichukua kalamu akaandika: "Ni maneno yake. Aseme mwenyewe." Nikaiweka simu chini. Na kusema kweli nilishukuru kukatazwa, maana ningeanzaje kumwuliza mzee wa watu mambo ya mji wake?

Minza alikuwa ameniomba ruta, kile kisanduku cha intaneti ya nyumbani, tangu mwaka jana. Nikasema ni anasa, nikasema subiri tuuze pamba, nikasema simu inatosha. Hizo zote zilikuwa sababu za mdomoni. Niliogopa kwamba akipata mtandao wa uhakika atakaa na watu wa lugha yake kutwa nzima, na mimi nitabaki kuwa mpishi wa nyumba anayofikia likizo.

Nimeliandika. Limeshatoka.

Jumatatu nikaenda dukani kwa dada Holo, anayeuza na kutengeneza simu karibu na stendi. Nilifanya kosa la kila mtu: nilichagua kwa macho. Kulikuwa na moja nyeupe, antena mbili, imetumika lakini inang'aa, na bei yake ilikuwa ya huruma. Dada Holo akaanza kuniuliza kwangu unashika mtandao gani, mimi nikajibu yote inashika, akanifungia kwenye mfuko, nikaondoka.

Nyumbani ikawaka taa nyekundu na nyekundu tu. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipuliza kama watu wanavyopuliza redio. Minza alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Aliposhuhudia ninaipuliza akageuka akaenda zake chumbani.

Jumatano nikairudisha nikiwa nimejiandaa kugombana. Dada Holo hakugombana. Alinieleza taratibu kwamba ile imefungwa kwa kampuni moja tu, haipokei laini nyingine, na kampuni hiyo mnara wake uko upande wa pili wa miamba yetu. Akasema ruta haitengenezi mtandao, inagawa tu ule uliofika nyumbani kwako. Kwa hiyo anza na laini, ndipo uje kwenye ruta. Akaniazima laini mbili za kampuni tofauti niende nazo nikapime.

Mama yangu alikuwa akitembea kutoka Sola hadi mjini na kupanga foleni posta ili apige simu moja. Mimi kampuni zinagombania kichwa changu, na bado sikujua kuchagua.

Alhamisi basi nikapima. Nilimpigia mdogo wangu aliyeko Maswa kwa video, nikazunguka nyumba nzima namwuliza ananionaje. Sebuleni: uso umekatika vipande. Chumbani: hakuna kitu. Jikoni akaniona, kisha akaniona nimeganda na mwiko. Laini ya pili, hapa kwenye chumba cha kushonea, dirisha la magharibi, akasema anaona mpaka pini nilizobana mdomoni. Nikarudia mara tatu, picha haikukatika.

Jana dada Holo akanibadilishia. Alinitolea mbili zinazopokea laini yoyote: kubwa ya antena inayotegemea umeme, na ndogo yenye betri, kama kipande cha sabuni ya kufulia. Nikaanza tena kuitazama ile kubwa. Akaniuliza nyumbani tuko wangapi na umeme unakatika mara ngapi kwa wiki. Nikachukua ndogo.

Leo asubuhi tumeifunga, mimi na Minza.

Tuliweka laini, tukasubiri taa igeuke kijani. Ndani ya kifuniko kuna karatasi yenye jina la mtandao na neno la siri, simu ikaunganishwa mara moja, nikapiga makofi. Minza akatikisa kichwa, akanionyesha kioo: imeunganishwa, lakini hakuna intaneti. Dada Holo alikuwa amenionya kuhusu hilo na kuniandikia hatua kwenye karatasi. Unaandika ile anwani ya tarakimu iliyoko chini ya ruta, ukurasa wake unafunguka, unajaza mpangilio wa kampuni ya laini yako. Ukurasa wenyewe ni wa Kiingereza kitupu. Mimi nilikuwa natafuta neno la kwanza, Minza ameshashuka hadi mwisho. Akajaza, akabadilisha na neno la siri kwa sababu ya majirani, akabonyeza. Kisha tukaitundika kwenye kikapu changu cha vibobini vya uzi, juu ya msumari, dirisha la magharibi.

Picha ya kwanza kufunguka ilikuwa ya simbi za kauri, zile za mapambo, ambazo dada Holo anauza pia kwenye ukurasa wake. Minza akazipitisha haraka. Hakuwa na muda wa vitu hivyo.

Saa nne akapiga Mwandoya. Nkwimba anatumia simu ya baba yake, ile ambayo mzee amenunua ili atumiwe picha za ng'ombe kabla ya mnada.

Ilishika. Nilimwona Nkwimba, nikaona boma nyuma yake, nikaona hadi vumbi walilolitimua ndama. Na mikono ikaanza.

Nilikaa pembeni nikijifanya natoa mishono. Sijui waliongea muda gani. Mwanzoni walicheka, na Minza akicheka kuna sauti inamtoka kifuani, nzito kidogo, ambayo hapa nyumbani huwa siisikii ovyo. Halafu Nkwimba akaongea peke yake kwa muda mrefu. Uso wa Minza ukabadilika. Akavuta daftari langu la vipimo akaniandikia, macho hayajatoka kwenye kioo: "Baba yake amesema hatarudi shule. Hajui kwa nini. Hakuna wa kumweleza."

Hakuna wa kumweleza. Nilisoma mara mbili.

Wakati huo huo nyuma ya Nkwimba akasogea mzee mmoja na fimbo yake. Hakuja kugomba. Alisimama tu, anatazama mikono ya binti yake, kisha anatazama kioo, kisha mikono tena. Nkwimba alikuwa anamsimulia Minza jambo fulani na wote wawili wakawa wanacheka huku wanalia. Mzee akanyoosha mkono, akaichukua simu kwa upole, uso wake ukajaa kwenye kioo.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, akiniita mama. "Huyo mtoto ni wa kwako?"

Nikamwamkia, nikamwambia ni wangu, anaitwa Minza, tuko Bariadi mjini, wanakaa dawati moja na Nkwimba.

"Wanaongea nini muda wote huu?"

Ilinijia kumjibu kama mtu mzima anayejua mambo ya mwanawe. Nilifungua mdomo nifanye hivyo.

"Baba, sijui," nikasema. "Naona mikono tu, kama wewe."

Akacheka, si kwa dharau. Akatafuta pa kukaa. Ndipo akanieleza mwenyewe, bila mimi kumwuliza. Alisema Nkwimba akija likizo anakaa karibu na zizi peke yake. Wageni wakija anainuka. Chakula anakula pembeni. Tangu akiwa mdogo ni hivyo, na hajawahi kumwona akicheka zaidi ya kutabasamu. Kijijini walimwambia mengi, wengine kwamba ni mizimu ya ukoo inadai kitu, na hayo hakuyafuata.

"Mimi nilifikiri hata huko shuleni anakaa hivi hivi, kimya," akasema. "Nikaona kama ni upweke, bora upweke wa nyumbani, mama yake anamwona."

Mimi nilikuwa nimeshamhukumu mzee huyu wiki nzima. Nilidhani ni mambo ya mahari, au ya mtu wa kuchunga. Kumbe alikuwa anamwonea mwanawe huruma, bila kujua kinachomuumiza.

Nikamwandikia Minza yote, mwandiko unakimbia. Akasoma, akachukua kalamu, akaandika mistari miwili, akanisukumia daftari na kuonyesha mdomo wangu. Nikasoma kwa sauti: "Nkwimba ndiye anayechekesha bweni zima. Mwalimu akimkaripia, mwisho mwalimu naye anacheka."

Mzee akaomba nirudie. Nikarudia.

Alimtazama binti yake aliyekuwa amesimama kando, hajui kinachosemwa juu yake. Halafu akasema shule zikifunguliwa atamleta mwenyewe hadi stendi ya Bariadi, wasichana wapande gari moja. Akaniuliza kule kuongea kwa mikono mtu mzima anafundishwa wapi. Nikamwambia ukweli kwamba kwa miaka kumi na mitatu sijawahi kuuliza. Akasema, "Basi tuulize wote wawili, mayu." Akamrudishia Nkwimba simu.

Sikujua atamwambiaje. Alimgusa bega, akaonyesha Minza kwenye kioo, akaonyesha mbali, barabarani, akatingisha kichwa kukubali, mara nyingi. Nkwimba alielewa. Alipiga magoti palepale, kama mabinti wanavyomshukuru baba.

Ningeweza kuishia hapo, siku ikawa nzuri.

Lakini mchana, tukila, nikakumbuka kwamba kila waliponitazama mimi wasichana wale walifanya alama moja, ileile, mkono unasukumwa mbele kidogo. Nikamwuliza Minza kwenye daftari ni alama gani. Akasita. Akaandika kwamba ni jina langu. Viziwi humpa kila mtu jina la alama, kutokana na umbo lake au tabia yake. Baba yake Minza anaitwa kwa kovu la kidevuni. Nikamwuliza langu lina maana gani.

Aliandika polepole: "Baadaye."

Nikamtazama. Akaandika tena: "Wageni wakicheka nakuuliza wamesema nini. Unasema nitakuambia baadaye."

Hakuliandika kwa hasira. Kwake ni jina tu, kama wengine wanavyoitwa Mrefu au Mweusi. Amelitumia miaka yote na bila shaka bweni zima linanijua kwa jina hilo.

Sikulia mbele yake. Niliondoa vyombo, nikarudi, nikageuza kiti kikatazamana na chake. Nikamwomba anieleze walichokuwa wanacheka asubuhi, wakati ule wanacheka huku wanalia. Ilichukua saa nzima, mikono na daftari. Ilikuwa habari ya mpishi wa shule na mbuzi. Nusu sikuielewa, nusu niliyoielewa imenivunja mbavu. Gauni la mteja halijaguswa.

Jina lile nimelipata kwa haki. Siwezi kumwambia alifute.

Nilipomaliza kucheka nikamwuliza neno "sasa" linasemwaje. Akanionyesha. Nikakosea, akanishika vidole akanirekebisha, nikakosea tena. Nimelirudia hapa peke yangu kabla ya kuandika haya, mpaka mikono ikaacha kusitasita.