Mashamba Yote Mu Lupango ya Maman

Bukavu, Nyalukemba
Siku ya Pentekoste, tarehe 19 mai 2024

Mpendwa yaya Stanislas, kaka yangu,

Nakusalimia mu jina ya Bwana na mu jina ya wote wa nyumba. Uko je? Belle-sœur Yolande, bibi yako, naye iko je, na ile mugongo yenye ilikuwa inamusumbua, ilishapona? Na mutoto wenu Aganze? Mu photo ya Noël nilimuona amekupita kwa urefu, nikacheka peke yangu mu cuisine. Uniambie pia kama baridi ya Montréal ilishaisha, ju hapa watu wanasema munavaa manteau ata mwezi wa tano, na mimi nakutetea, nasema wanatia chumvi.

Sisi tuko wazima, Mungu asifiwe. Didier anaenda ku kazi yake kila asubuhi bila kulalamika, na hiyo kwa bwana yangu ni muujiza. Maman yetu naye iko na nguvu, ni magoti tu njo inamusumbua wakati ya mvua. Nilimuleta hapa Bukavu mu janvier, akakaa siku nane tu. Akasema nyumba yangu iko na ngazi mingi kuliko kanisa, akarudi kwake Kalehe. Unamujua.

Utajiuliza juu ya nini nakuandikia ku karatasi kama wakati ya Papa. Yaya, ni juu ya zile alama mbili za bluu. Ku WhatsApp nakutumia neno, unasoma, unanyamaza. Nikipiga simu unaniambia « on va voir », eti tutaona. Sasa Jean-Marie wa tante Adélaïde anakuja kwenu ku ndoa ya rafiki yake na hii barua mukononi, atarudi tarehe 20 juin, na nimemuambia asitoke mu salon yako bila jibu. Umupe chakula, lakini umupe na jibu.

Kitu yenyewe ni hii. Unajua ya kuwa tangu miaka tatu mimi ni présidente ya coopérative yetu ya kahawa kule Kalehe. Tuko wamemba cent soixante-quatre, mia moja makumi sita na ine, na kahawa yetu inasafishwa pamoja mu station moja, inauzwa pamoja kwa acheteur moja wa Ulaya. Mwaka jana huyo acheteur akatuandikia ya kuwa biashara inageuka. Kule Ulaya wametunga sheria mupya: kahawa haitaingia tena kama haijulikani ilitoka mu shamba gani, ao kama ile shamba ilikuwa pori yenye ilikatwa kisha mwaka wa 2020. Kila shamba iandikwe ku carte, ile ramani, kwa telefone. Na kila mulimaji atie sahihi yake mwenyewe, ju yeye njo atajibu kama kuko uongo.

Mimi sikuogopa. Nilisema: pori gani tumekata sisi, watu wa kahawa ya babu zao? Waje, waone.

Basi wakaja, watu wawili wa projet ya kupima mashamba, viatu ya mujini, telefone mukononi, siku ya mvua yenye ilikuwa imefunga mulima wote. Na hapa, yaya, nakuungamia kosa yangu, ju wengine watakuambia kabla yangu. Ni mimi niliwakataza kutembea. Utatoaje mugeni mu matope, hajakula, hajakunywa, koti yake inatona maji? Nikawaketisha mu lupango ya Maman, pale mu kiwanja ya nyumba, chini ya baraza, na kasiksi yetu ya ndizi, na samaki za sambaza za kukaanga, na viazi. Nikawaonyesha mulima kwa kidole: mashamba ni zile, munaziona. Kisha nikaita wamemba waje mumoja mumoja. Kila mutu alifika, akasema jina, akafinya telefone, akapewa kikombe. Jioni kazi yote ilikuwa imeisha. Nilijisifu sana. Nilisema kumbe watu wa Ulaya wanapenda kusumbuka bure.

Kisha wiki tatu jibu ya acheteur ikafika. Mama yangu weee! Alituuliza kwa heshima kubwa namna gani watu cent soixante-quatre wanalima kahawa yao yote mu lupango moja ya metre kumi na mbili, kati ya nyumba na chumba ya mbuzi. Ku carte yake vidoti vyote vilipandana pale, mu lupango ya Maman. Telefone haikujua ukarimu, iliandika pale mutu alisimama.

Nilicheka mpaka nikalia, na kisha nikalia kweli. Acheteur alitupa siku kumi na tano za kurekebisha, bila hiyo kahawa ya mwaka huu haitoki. Nikaona wamama wote wenye waliacha kulima mihogo juu ya kahawa kwa kuniamini, nikasikia haya kama moto mu kifua.

Lakini unanijua, mimi silale na haya siku mbili. Nilivaa botte. Nikaita Guy, agronome wetu, muzaliwa wa Lwiro, mutu wa maneno kidogo, na tukazunguka mashamba yote kwa miguu, mupaka kwa mupaka. Wamemba wakatusaidia, kidole kimoja hakivunji chawa. Tukamaliza siku ya kumi na mbili, acheteur akapokea carte mbele ya siku zake kuisha. Hakuna ata muti moja ya kahawa mu pori. Nilikuwa najua.

Kile nilikuwa sijui ni majina. Kila shamba Guy aliuliza: mulimaji ni nani? Na mwanamuke mwenye mikono imejaa matope alijibu jina ya mwanaume. Mashamba makumi sita na tatu, yaya, yalikuwa na jina ya mutu mwenye haiko pale. Wengine walikufa. Wengine wako Kamituga ku zahabu tangu miaka. Mwanamuke anapogoa, anavuna, anabeba ku kichwa, na jina ni ya mutu mwenye hajui ata musimu gani tuko. Na marehemu hawezi kutia sahihi.

Sikupigana na desturi, usifikiri nimekuwa mutu wa kelele. Tuliita chef ya localité, tukaita jamaa za mabwana, tukakaa siku nne. Kila jamaa ikasema: kalinzi yetu ibaki, ile ng'ombe babu alitoa kwa mwami apewe udongo, lakini mwenye kulima na mwenye kujibu ni huyu mama. Wakatia sahihi mbele ya chef. Karatasi yenyewe ni mutoto wangu Bintu aliitunga, sasa amemaliza masomo ya droit na hatuwezi tena kula bukari kwa amani bila atuhesabie articles za sheria. Kuko wazee wawili walikuja wamekunja sura, wakarudi wanaimba. Mashamba makumi sita na mbili, yote yamenyooka.

Ulihesabu? Nilisema makumi sita na tatu.

Yenye ilibaki ni yetu.

Ile siku ya kupima, Maman alikataa mutu amuzungukie shamba yake. Alitaka kuzunguka mwenyewe, na fimbo, mu ule muteremuko unaujua, na Guy nyuma yake na telefone. Saa moja nzima. Alipita ku kila muti ya mupaka akiugusa. Walipofunga muzunguko Guy akamuonyesha picha ya shamba yake yote mu kioo, Maman akafurahi kama mutoto, akaiangalia mbali, akaiangalia karibu. Kisha Guy akauliza mulimaji ni nani. Na Maman, bila kufikiri, akasema: Stanislas.

Yaya, sitakudanganya, nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikaenda kusimama ku barabara. Najua Papa, mbele ya kufa, alikuachia weye ile shamba, weye mutoto mwanaume wa kwanza. Sibishani na kinywa ya Papa. Lakini ulienda mwaka wa 1998. Ile miti ulipanda na Papa ilikufa yote na ugonjwa. Hizi zenye ziko leo tulizipanda mwaka wa 2011, mimi na Maman, nikibeba miche ku mugongo kutoka ku barabara. Mu ile shamba hakuna muti ata moja yenye mukono yako ilishagusa. Guy naye alimuuliza Maman kwa upole, huyu Stanislas anakujaka kuvuna wakati gani? Maman akatafuta fimbo yake.

Sasa uone mahali niko. Mimi présidente, mimi mwenye niliketisha chef na wazee siku nne, mimi mwenye niliambia wamama makumi sita na mbili wasiogope kuomba, niko mutu wa mwisho mwenye hana karatasi. Na sikuficha. Sheria ni sheria: kahawa yenye haina jina ya kweli haichanganywe na ya wengine. Kwa hiyo ya Maman naikausha mbali, ku meza ya mwisho karibu na choo ya station, na kila mutu akipita anaiona. Lot ya coopérative, ule muzigo wote, itatoka tarehe 30 juin. Ikitoka bila hiyo meza, ni mara ya kwanza tangu harusi yake kahawa ya Maman inabaki Kalehe.

Najua kile kinakufunga kinywa. Uliniambia siku moja ku simu ya kuwa ukichukua pension utarudi, utajenga villa pale, na véranda ya kuangalia lac, ziwa yetu. Nakuambia wazi, ju karatasi ya Bintu iko wazi: ukitia sahihi, villa haitajengwa mu kahawa. Hakuna mutu ataweza kuuza ao kung'oa bila sisi watatu kukubali, weye, mimi na Maman. Kalinzi inabaki ya jamaa, jina ya Papa inabaki juu kabisa. Na upande wa ndizi, chini ya njia ya kanisa, kuko nafasi muzuri ya nyumba. Nimeshaitembea. Lac inaonekana pale vizuri kuliko mu kahawa, na haina muteremuko ya kuvunja magoti yako ya uzee. Nitakusaidia kujenga, na nitasimamia mafundi ju najua watakuibia simenti.

Bahasha ndogo yenye iko ndani ni hiyo karatasi, copie mbili zenye kufanana. Iko na nafasi tatu. Chef alishatia sahihi na cachet, muhuri yake. Ya pili ni yako. Ya tatu ni ya Maman, na uangalie vizuri: alama ya kidole yake iko pale. Hakuna mutu alimusukuma. Juzi nilifika Kalehe, nikamukuta ameketi na Bintu, wamefungua ile karatasi juu ya meza, na kidole yake ilishakuwa na wino. Akaniambia tu maneno haya: « Stani atakubali. Nilimuzaa, namujua. » Kisha akauliza kama meza ya mwisho ilifunikwa, ju mvua ilikuwa inakuja.

Na tangu ile siku anaambia kila mutu. Aliambia paroko. Aliambia wanawake wa ku station, wakatoka kumupigia mikono. Leo kisha misa ya Pentekoste amemuambia chef mwenyewe ya kuwa Stani hana roho ya kukatalia mama yake kitu.

Jambo ingine fupi: photo yako na Yolande mu theluji Maman ameiweka ku ukuta, karibu na Bikira Maria. Wageni wanauliza kama mulisimama mu unga.

Musalimie sana belle-sœur Yolande, Aganze, na wote wa Bukavu wenye wako huko kwenu. Didier anakusalimia, Bintu anakusalimia na anasema utie sahihi ku karatasi zote mbili, si moja. Tante Adélaïde anaomba umuangalie Jean-Marie asipotelee ku magasins, ku maduka ya kwenu.

Yaya, mimi sina wasiwasi, na hii barua sikuiandika kwa kuomba. Gunia za Maman nilishaziandika jina yake, ziko tayari mu dépôt. Lakini kama utakataa, nakuomba kitu moja tu, na kwa hiyo naomba kweli. Unajua Maman hajui kusoma, na barua zako zote tangu mwaka wa 1998 ni mimi nilimusomea, ata zile zenye hazikuwa na kitu nilizitengeneza kidogo zipendeze. Hiyo ya kukataa uiandike weye mwenyewe, na utafute mutu mwingine wa kumusomea. Mimi sitaisoma.

Mungu akulinde mu kazi na mu baridi, na akuletee siku moja ku ile nyumba ya upande wa ndizi.

Ni mimi mudogo yako mwenye anakupenda na hakuogope,

Georgette