Taulo Yako Iko Kwangu, Kocha

Kocha,

We Chui bila meno, we kichwa kama sufuria ya bukari iliyoanguka ku ngazi, nakusalimia. Usinune. Miye ni muntu wa ukoo ya Mbuzi, weye wa ukoo ya Chui, na bankambo betu balikubaliana zamani sana kwamba sisi ni banungwe: tunaweza kutukanana toka asubuhi mpaka jua inashuka, na hakuna mwenye haki ya kukasirika. Hata mu kilio. Zaidi mu kilio. Muntu wa Chui akikufa, muntu wa Mbuzi njo anakuja kumucheka, ili bantu barudie ku nyumba na machozi, lakini na meno inje.

Na miye, Tresor, mwenye mudomo kupita bote mu mutaa yetu ya Katuba, siku ya kukuzika sikusema hata neno moja.

Bote balikuwa banangoja. Mama Béa, bibi yako wa ndoa, alikuwa ananiangalia mu macho. Kwa desturi, ilikuwa nishuke mu shimo ya kaburi, nilale mule, nikatae kutoka, niseme: "Hapa kumejaa! Huyu muzee mumupeleke Kipushi!" Sikushuka. Nilisimama na taulo yako ku bega, kama muntu mwenye anangoja maji ya kuoga. Mwisho, baba yangu mukubwa, naye Mbuzi, alishuka na magoti yake ya kuuma, akasema mizaha mbili ya zamani. Bantu bakacheka kidogo, kwa heshima. Kocha, ulizikwa na mizaha ya kuazima. Weye! Mwenye ulikuwa unaniita "mbuzi wa krismasi" mbele ya mama yangu!

Sasa Jumamosi tunamaliza kilio. Mama Béa alinitumia neno, na unamujua, neno yake haina mulango ya nyuma: Tresor atasema, ao hatumalize. Basi niko najaribu kwanza hapa, ku karatasi, fasi hakuna mwenye ataniona nikikwama.

Bantu banaulizaka fasi gani nilisomea Kingereza. Nabaambia London. Banacheka, halafu nabapiga fungu moja ya Kingereza, banaacha kucheka. Weye unajua ukweli. Ku masomo, mwalimu alikuwa anaandika maverbe ku ubao, na maverbe ilikuwa inanikimbia mpaka nikaikimbia miye. Kwako hakukuwa ubao. Kulikuwa gunia ya muchanga na nguo za zamani, duara ya majivu yenye ulichora kama ringi, na kipande ya reli yenye ulitundika ku muti ya avokado, unaigonga na bulon ya chuma, njo kengele. Ulikomaa ng'ambo, kule Kitwe, Zambia, ukibebea baboksere ndoo ya maji. Ulirudia huku bila mukaba ya ubingwa hata moja. Hiyo si kukupiga chini ya mukaba, Kocha, ni kweli tu. Lakini ulirudia na Kingereza ya kiwanja, mingi, na hukutaka kuifundisha kama muntu hatoke jasho.

Siku ile nilibanwa ku musitari ya majivu, ile yenye ilikuwa kamba yetu, mbavu zinalia, ulipiga kelele: "On the ropes!" Halafu ukagonga reli: "Saved by the bell!" Ukatupatia maji, ukatueleza: kule kwa Bangereza, hata mama mwenye kuuza nyanya, hata karani mwenye hajapigana siku moja, shida ikimubana anasema niko ku kamba, na saa ikilia mbele mwalimu amuulize somo, anasema kengele imeniokoa. Nikasema, bantu gani aba, banaongea kama banapigana kutwa? Ukanijibu: "Balicheza sana, halafu balisahau kama banaongea muchezo."

Na hamisha-goli, unakumbuka? Hiyo hukuhitaji kutueleza. Nani mu Katuba hajacheza na sandali mbili kama goli, na mulinda-goli anasukuma sandali na kidole ya muguu kila muntu akigeuka? Ulisema Bangereza banaitumia kwa muntu mwenye anabadilisha masharti mukiwa mumefika karibu. Basi nikuambie, kwa haki yangu ya Mbuzi: hakuna Mungereza alihamisha goli kama weye. "Raundi ya mwisho!" Tunamaliza, tunaanguka chini. "Bon. Sasa ya mwisho kabisa!" Mwongo we.

Ila ile ya chungwa njo inanirudilia kila siku. Ulitaka kutufundisha ile ya mupira iko upande yako, na hakuna kati yetu alikuwa ameona tenisi. Ulichora musitari na kisigino, ukaweka chungwa upande yangu. Ukasema: "The ball is in your court. Miye nimemaliza yangu. Sasa ni weye, hakuna mwengine." Ukafunga mikono, ukangoja. Nikaokota chungwa, nikaimenya, nikaikula.

Ulinikimbiza mpaka ku barabara na kandambili moja. Mama Béa alicheka mpaka akakaa chini mu mulango.

Bintu bilibadilika, Kocha. Reli ingali ku avokado, lakini Mama Béa njo anaigonga sasa, kuita bajukuu bakule bukari. Batoto ba mazoezi bakiisikia, mikono inapanda yenyewe kulinda uso. Halafu banakumbuka, banaishusha. Banaona haya. Mama Béa anajifanya hakuona, anaongeza maji ku chungu, na bote banakula. Gunia ilipasuka ku mushono. Mvua ilifuta ringi. Niliichora upya na majivu ya makala, na nilijitahidi kweli, lakini inafanana na yai. Batoto banasema tunapigana ndani ya yai. Weye ulikuwa unaichora bila kuangalia, ukiongea, ukikohoa, na inafunga duara sawasawa.

Nilipata kazi, ulikufa mbele nikuambie. Njia ya Kinsevere, ku mulango ya karakana: madereva banatoka Zambia na malori, miye nabapokea, natafsiri. Asubuhi ya kwanza mukubwa mmoja, mugeni, alinipita akaniuliza kwa Kingereza habari yangu. Miye nikanyoosha kifua, nikamuonyesha masomo ya Kocha: "On the ropes, sir!" Akasimama. Akaniangalia macho, akaniangalia ulimi, akanituma kwa muuguzi. Nilipewa vidonge na nusu siku ya kulala. Hukunifundisha kusema niko muzima, Kocha! Ulinifundisha namna ya kusema nimebanwa, nimeokolewa, nimeanza mbele ya mulio ya kuanzia mbio, nimepigwa vibaya. Niko muzima, hapana. Nilicheka peke yangu ku kile kitanda, halafu nikatafuta nani nitamusimulia. Nikatoka, nikajikuta mu njia ya kwako: kichwa inajua hauko tena, lakini miguu haikuwa imepata habari.

Bon. Nazunguka-zunguka. Weye ungesema: kaza guard, ingia.

Ile siku ku hospitali, saa ya kutembelea bagonjwa, alasiri. Mapafu yako ilikuwa inafanya sauti ya mulango ya zamani. Mama Béa alienda kutafuta uji. Miye nilikuwa nakupasha habari ya batoto, naongea haraka-haraka, natengeneza programu ya mwezi yenye kuja, nasema utakaa ku kiti, hutasimama. Ukanigusa mukono. Ukasema, polepole, kama unanipatia somo mpya: "Throw in the towel, my boy."

Nilisikia, Kocha. Fungu yenye najua kupita zote. Ulitufundisha siku ya kwanza kabisa. Bafaransa banatupa eponji, ile sifongo ya maji, Bangereza banatupa taulo, na bote banakosa, ulisema, kwa sababu mu maneno yao ya kila siku mwenye kutupa ni mwenye amechoka, mwenye ameshindwa. Mu ringi haiko hivyo. Boksere hatupe taulo yake. Hata akitaka, mikono iko mu glavu. Kusimamisha pigano, anatupa ule musaidizi wa kona, mwenye anamupenda, mwenye anaona kile boksere mwenyewe anakataa kuona. Na kutupa ni nusu ya kazi. Kisha unaingia, unamufunika mabega, unaita jina yake, unamubeba. Ulitufanya tujizoeze hivyo, kila Jumamosi, moja anatupa, anaingia, anabeba. Tulikuwa tunalalamika: tulikuja kujifunza kupiga, sio kubeba.

Na miye nikakujibu nini? Nikajifanya bwana. "Kocha, hiyo ni Kingereza ya Kitwe. Miye nilisoma ya London, siisikii."

Ulicheka. Ulicheka mpaka kikohozi ikakukamata, mpaka mugonjwa wa kitanda ya pili naye akacheka bila kujua sababu. Ukafuta midomo na taulo, ukanirushia ku magoti. Ulinifungia tu jicho moja. Mupira ilikuwa upande yangu, na weye ukafunga mikono, ukangoja, kama ile siku ya chungwa. Kesho yake, saa sita ya muchana, ulienda.

Sijuti kukuchekesha. Kama ni mizaha, ile njo ilikuwa nzuri, na niliitoa ungali na masikio. Ila toka ile siku taulo iko kwangu. Sikuifua. Inanuka mafuta ya kafuri, jasho, na weye. Nikiiweka ku bega nasikia kama raundi ingali inaendelea, na niko ku kona, na weye uko katikati unasimama kwa kichwa ngumu tu. Kichwa ngumu ni yangu. Weye ulikuwa umeisha kuomba nitupe.

Jumamosi, sikia namna nitafanya. Nitakuja na shati yangu nyeupe, muzuri kupita bote, usibishe. Nitaingia mu ile yai ya majivu. Nitasema mbele ya bantu bote kama ulikuwa Chui mwenye kuogopa kuku ya Mama Béa. Nitasema ulikuwa unahamisha goli. Nitasema ile ya chungwa na kandambili, na vidonge vyangu, na Mama Béa atakaa tena chini mu mulango, nakuahidi, hata kama nitaanguka miye mwenyewe kwa kumuchekesha. Halafu batakaponyamaza, nitatupa taulo katikati, fasi ulikuwa unasimama. Nitaingia kuiokota. Nitaita jina yako mara moja, namna ulitufundisha.

Na nusu ya pili ya kazi nitaifanya kila siku: gunia nitaishona, batoto nitabafundisha kupiga na kubeba, na kwa Kingereza nitabaongezea ile ulisahau: I am fine. Mama Béa hatakosa muntu wa kumubebea maji na wa kubatukana ndugu zako ba Chui.

Mukono yako ishuke sasa, Kocha. Raundi ya mwisho, ya mwisho kabisa, imeisha, na miye njo nimesema, hakuna kuhamisha goli.

Lala, Chui. Mbuzi njo inachunga.

Tresor, wa kona yako