Gemu la pili, mama na hodi

Jumamosi, Butimba

Deo, mwenzangu wa dukani, kaniudhi tena leo. Eti gemu la pili la mizimu wameliharibu: bunduki wameziondoa, unatembea tu kwenye nyumba za giza ukisikiliza nyayo. Hicho anachokilalamikia ndicho ninachokipenda.

Lile la kwanza nilikuwa naua mizimu mpaka nachoka, na mama akisikia risasi anahamia jikoni. Hili halina haraka. Ukifika mlangoni unasimama, unasikiliza kama kuna anayehema ndani. Unakuta vikombe vya watu mezani, unaanza kuwahurumia hata hao wanaokutisha.

Jioni mama alikaa nami kwenye kochi. Nilipofungua mlango wa kwanza tu akanikemea.

"Unaingiaje nyumba ya watu bila hodi?"

Basi kila mlango tukawa tunapiga hodi, sote wawili, kwa sauti. Nimecheka kuliko mwezi mzima. Yeye hakucheka. Alikuwa anasubiri kweli aitikiwe, nikaingiwa na wasiwasi. Tangu tumzike baba hajakanyaga chumba chao, analala chumbani kwangu, na mimi nashindwa hata kumwambia arudi kwake.

Nilipozima TV akainuka, akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba chao.

"Hodi," akasema. Akasubiri kidogo, kisha akaingia.

Sasa hivi nimetoka kusimama mlangoni pake, nikasikiliza kama lilivyonifundisha hilo gemu lililoharibiwa.

Anakoroma.