Figo la Kushoto

Makambako

Mama Tumaini, mke wangu,

Nakusalimu kwa upendo. Mnaendeleaje huko Manda, wewe na wajukuu? Goti lako limepata nafuu? Mimi naamka, nakula, nalinda mbao za watu kama kawaida, ila kichwani nimebeba mambo nisiyoyaelewa.

Unajua presha yangu imekataa kushuka. Dawa sasa ni aina tatu, na bado. Baada ya kuanza ile ya tatu, kipimo cha damu kikaonyesha mafigo yanazidi kuchoka, nikatumwa Njombe. Daktari, binti wa rika la Tumaini wetu, akanipiga picha ya tumbo, akasema figo la kushoto limesinyaa.

“Mbona sisikii maumivu?” nikamuuliza.

“Haliumi, baba. Mshipa unaolipelekea damu umekuwa mwembamba. Mafuta yameganda ndani yake kidogo kidogo, miaka mingi. Figo likipata damu haba, linadhani presha ya mwili mzima imeshuka, basi linaipandisha.”

“Kwa hiyo figo linanidanganya?”

“Linakosea tu. Unavuta sigara?”

Nikasema hapana. Akanitazama. Nikasema ndiyo, tangu ujana. Akaniambia niache, akaisimamisha ile dawa ya tatu, akanipa nyingine. Kuuzibua mshipa kwa sasa anaona hakuna haja, ila nirudi kupimwa, maana la kulia nalo linaweza kufuata.

Nilitoka pale nimechanganyikiwa, na njiani nikamkumbuka marehemu kaka Ezra. Naye alikuwa na presha isiyosikia dawa, na sigara, kisha miguu ikavimba, akafa. Sisi tukasema mkewe kamwekea kitu kwenye chakula. Niliyesema ni mimi, mbele ya ukoo, na shemeji akaondoka na nguo zake tu. Sasa sijui. Labda ulikuwa mshipa, labda siyo. Nilimrudia daktari nikamuuliza, akasema hawezi kumsemea mtu ambaye hakumpima. Basi nani ataniambia?

Wasalimie wajukuu, mama mkwe, na jirani yetu mwalimu wa kwaya. Kisha nenda kwa shemeji, mjane wa kaka. Usimweleze habari za mishipa, hata mimi sijazielewa. Mwambie nikipata ruhusa nitakuja, na umuulize kama atanifungulia mlango.

Mumeo,
Baba Tumaini