Skuta Yako ya Mti na Picha ya Mwalimu

Mpendwa mwanangu Elia, uliyeko Kibondo,

Mwakeye, baba, nakusalimu kwa Kiha chetu. Mimi mama yako ni mzima. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta herufi zimelewa, soma hivyo hivyo. Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Tulichekwa mbele za watu, basi na hii isomwe mbele za watu.

Nakumbuka ule mwaka Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila waliporudi kwao. Rafiki yako mmoja wa kambini alikuachia kigari chake cha mti, chenye magurudumu mawili na usukani, kile cha kusukuma kwa mguu mmoja. Mwingine angekichanja kuni. Wewe ulikitazama wiki nzima, ugali unapoa. Kisha ukatoa injini kwenye chenso mbovu ya wapasua mbao, ukaifunga kwa mnyororo wa baiskeli. Siku kilipolia na kupanda kilima chenyewe, nilipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Walikata kweli, siongezi chumvi.

Ukasema, "Mama, usitangaze. Ni skuta tu."

Mimi nisitangaze? Mtoto niliyemzaa mwenyewe? Nikatangaza Titye yetu yote, nikavuka mpaka Buhigwe. Gulioni, wewe ukiwa kando na skuta yako, nikasema hakuna mtu duniani, hata Mzungu, aliyewahi kufunga injini kwenye kigari cha namna ile. Ndipo yule mwalimu mgeni, aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, akatoa simu yake akasema kwa upole, "Mama, hii ilikuwepo miaka kama mia iliyopita." Pichani ni mama wa Kizungu na kofia yake, amesimama juu ya kigari, injini imekaa kwenye gurudumu la mbele. Watu wakapokezana simu. Mmoja akapaza sauti, "Kumbe fundi wetu anakopi!" Mwingine akadakia, "Na hicho kiti umeweka cha nini? Skuta ya bibi harusi?" Wakacheka. Ukanitazama. Jumatatu ukapanda basi la Kibondo, na tangu hapo simu yangu hupokei.

Kichwa changu sasa ni uji wenye madonge. Sielewi. Wewe hukuwa na simu ya picha, na vitabu vya Wazungu hukuviona. Mtu anaigaje kitu asichokijua? Kama Mungu aliwapa wao akili hiyo zamani, halafu akakupa na wewe huku milimani, huo ni wizi au ni undugu? Na mimi nijivune au nione haya? Asubuhi najivuna, jioni naona haya.

Nikamfuata mwalimu anisomee habari yote. Akasema vile vya kusimama havikudumu, ni baadaye ndipo wengine wakafikiria kuweka kiti. Nilikaa chini palepale barazani kwake. Wewe kiti ulikiweka kwanza, baba, kabla hata ya breki! Uliniambia, "Hapa utakaa wewe na maharage yako, mama, goti lipumzike."

Kwa hiyo walipouliza kiti ni cha nini, jibu nilikuwa nalo. Mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kwenda likizo, siku ile nilinyamaza. Niliona haya watu wajue kwamba goti limenishinda, mimi niliyezoea kujisifu kwa kubeba gunia. Nikakuacha uchekwe peke yako. Hili ndilo linalonichanganya kuliko picha: uliponitazama nikakaa kimya, ulidhani nimewaamini wao?

Sikuwaamini. Kiti ni changu. Alhamisi iliyopita nimesimama gulioni nikawaambia, na goti lenyewe nikawaonyesha lilivyovimba. Kuna waliocheka. Wacheke.

Pokea simu, hata kama ni ya kunigombeza. Amani ikae nawe huko uliko.

Mimi mama yako mzazi,
mwenye kiti.