Hodi Chini ya Ziwa

Kwako Nyambura, binti yangu,

Nakuandikia nikiwa mezani pako, hapa nyumbani Subukia. Chumba chako hakijabadilika ila kwa kitu kimoja, na kitu hicho ndicho sababu ya barua hii.

Unakumbuka siku uliponieleza kazi yako kwa mara ya kwanza? Tulikuwa tukichambua maharagwe. Ulisema mmetandaza vyombo vidogo chini ya Ziwa Naivasha, upande wa Kamere, ili vipime joto la maji na hewa wanayoivuta samaki, wavuvi waonywe mapema hewa inapopungua. Uliviita "sensa". Nikakuambia kwamba sensa ni shughuli ya kuhesabu watu, na kwamba Kiswahili kina neno kihisi. Ukauliza kama samaki nao hawahesabiwi, ukacheka hadi ungo ukakuponyoka. Lakini hukulitamka tena neno lile mbele yangu.

Nilitaka kujua jinsi vyombo hivyo vinavyozungumza bila simu. "Mama, redio hufa ikiingia majini," ulisema. "Sauti ndiyo inayosafiri." Ukaeleza kwamba kihisi kimoja hutoa mlio, na kingine kikiitika, hupokea habari na kuipitisha kwa kinachofuata, mpaka ifike kwenye boya lililo juu ya maji. Nikakuambia kwamba huko ni kubisha hodi tu. Ukaniuliza mtu hubisha mara ngapi asipojibiwa. Nikakujibu kama nilivyolelewa: mara tatu, kisha urudi ulikotoka. Baadaye ulinipigia simu kutoka Kamere, sauti yako imejaa furaha, ukaniambia kwamba umevifundisha vihisi vyako adabu za Subukia. Vikibisha mara tatu bila kujibiwa, vinanyamaza ili betri isipotee bure.

Jambo moja hatukupatana. Uliviongelea kama watu. "Wa karibu na matete amelala leo." "Yule wa mbali hasikii, viboko wanampigia kelele." Nami nikisema: "Kimelala. Hakisikii. Wanakipigia kelele." Ulikuwa ukiitika, "Sawa, Mwalimu," na katika sentensi iliyofuata ukalirudia kosa lile lile kwa makusudi.

Hata ulipolazwa hospitalini Nakuru, sauti yako ikiwa karibu kwisha, ulimwuliza mwenzako wa kazi, Otieno, kama yule wa mbali amejibu. Nilitaka nikuache bila kukusahihisha. Kisha nikaona unanitazama, unangoja. "Kimejibu," nikasema. Ukatabasamu. Hilo ndilo tabasamu la mwisho ulilonipa.

Baada ya mazishi mradi ulifungwa. Otieno alivitoa vihisi vyote ila hicho cha mbali, ulichokitumbukiza kwa mikono yako baada ya kuandika jina lako ubavuni. Ziwa lilikuwa limepanda, na nguzo ya ua wa ufukoni mliyoifanya alama ilikuwa imemezwa na maji. Njia pekee ya kukipata ilikuwa kukiita na kuifuata sauti yake, na betri ilikuwa inakwisha. Akanipigia simu. "Mathe, hiyo kitu ikizima, hatutaiona tena." Nilimwambia kwamba mimi ni mama, si "mathe", kwamba kitu ni "hicho" na wala si "hiyo", na kwamba anisubiri.

Ungenicheka ungeniona ndani ya mashua, jaketi la kuokolea limefungwa juu ya koti langu la kanisani. Otieno alizima injini, akateremsha majini chombo cha kuitia, akanivika vipokea sauti masikioni. Akabisha. Nilisikia maji tu, na mkoromo wa kiboko mahali fulani. Akabisha tena, na tena. Kimya.

Akaanza kuuvuta waya. "Imeisha, Mwalimu. Ni mara tatu. Nyambura mwenyewe ndiye aliweka hiyo sheria."

"Sheria hiyo ni yangu," nikamwambia. "Bisha tena."

Akabisha. Nilikwisha kuinamisha kichwa nilipousikia mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko katika chumba cha pili.

"Amejibu," nikasema.

Otieno alinigeukia. Nadhani ulikuwa umemsimulia mengi kunihusu. "Mwalimu," akasema taratibu, "si ni 'kimejibu'?"

Nilishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, na kijana wa watu akatazama upande mwingine mpaka nilipomaliza kulia.

Tulimpata ndani ya tope, amefunikwa na magugu. Betri yake ilikufa kabla hatujafika ufukoni, na kwa kuwa hakufaa tena kwa kazi, Otieno aliniachia nije naye. Yuko hapa mezani, karibu na mkono wangu. Jina lako bado linasomeka, na herufi ya kwanza ni kubwa kama nilivyokufundisha.

Nyumba ni kimya, Nyambura. Siku hizi husema jambo kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni, kisha nikangoja mtu anijibu kwa kosa ili nilisahihishe.

Pumzika, binti yangu. Kabla sijaingia humu kukuandikia, nilisimama nje ya mlango wako nikabisha hodi. Nilibisha mara nne.

Mama yako